Kolesteroli peke yake haizibi mshipa

Hapa maabara, Chake Chake, kuna swali haliishi: "Nimepima mafuta, yako juu. Mna dawa ya kusafisha mishipa?" Hatuna. Na wale wanaoiuza kwenye vichupa, wanaapa kwamba ukinywa mwezi mmoja mishipa inabaki nyeupe, nao hawana. Wanachodai kukisafisha hakimo kwenye njia ya damu hata kikokotwe na maji. Kimo ndani ya ukuta wa mshipa, na humo zimo pia seli za kinga za mwili wako mwenyewe.

Kolesteroli, aina moja ya mafuta hayo, haitembei peke yake kwenye damu. Hubebwa ndani ya chembe ndogo sana, na zinazotuhusu ni zile ziitwazo LDL. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kwa ndani imetandikwa safu moja tu ya seli. LDL zikiwa nyingi miaka nenda miaka rudi, baadhi hupenya safu ile, hunasa chini yake na huko huharibika. Ukiongeza presha, sigara na sukari, safu ile inazidi kudhoofika. Sehemu zinazoanza kuugua mara nyingi ni pale mshipa unapogawika matawi, kama shingoni, kwa sababu damu hapo haiendi moja kwa moja, inazungukazunguka.

Seli za ukuta zikishatambua kuna kitu si cha kawaida, hutoa protini za kunasia upande wa damu. Seli nyeupe aina ya monositi, zilizokuwa zinapita zake, hukwama pale, hujipenyeza ndani na kugeuka makrofaji. Kazi ya makrofaji ni kula. Seli za kawaida zikishapata kolesteroli ya kuzitosha hupunguza milango ya kuiingizia; makrofaji, kwa LDL iliyoharibika, hana breki hiyo. Anameza tu, mpaka anajaa matone ya mafuta, na ukimtazama kwa darubini utadhani ni povu. Ndiyo maana huitwa seli za povu. Zikikusanyika, ukuta unapata michirizi ya manjano, na huo ndio mwanzo wa ugonjwa. Humo wamo pia limfosaiti aina ya T, seli nyeupe nyingine za kinga, ambao huchochea zaidi. Wote hao waliitana kuja kutengeneza, wakaishia kuongeza uvimbe, yaani ile hali ya mwili kuwaka pale kinga inapopigana.

Wateja wengi hudhani haya ni maradhi ya wazee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya askari wao 300 waliouawa vitani Korea, wastani wa umri wao miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo, na walikuwa vijana wa kubeba mizigo na kukimbia. Kwa hiyo kijana wa miaka thelathini anapotwambia "mimi sisikii kitu", tunamwamini, lakini kutosikia kitu si kipimo.

Miaka inavyokwenda, seli za povu hufa mahali pale pale na kuacha kiini laini cha mafuta, kikafunikwa na utando mgumu. Makrofaji waliobaki hutoa vimeng'enya vinavyoula utando ule. Siku ukipasuka, damu hugusana na kilichomo na kuganda papo hapo. Mara nyingi mtu hupata shtuko la moyo kwa namna hiyo, hata kama mshipa ulikuwa haujaziba sana.

Kwamba kinga ina mkono wake humu si dhana tu. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shtuko la moyo. Dawa waliyopewa huzuia ishara moja ya uvimbe na haigusi kolesteroli. Kwa dozi ya kati, shtuko la moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikichukuliwa pamoja vilipungua kwa kiasi cha asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo, maana kinga ukiibana sana inashindwa kazi yake nyingine. Kwa hiyo msitafute dawa za kuzima kinga kwa hofu ya mishipa. Statini, kwa aliyeandikiwa na daktari, bado ndiyo ya kushika: hupunguza LDL, na uvimbe nao hupungua.

Sasa vipimo. Mzee mmoja alituomba aone mafuta yake kwa macho. Tulipozungusha damu kwenye mashine, maji ya juu yakatoka meupe kama tui, akashika kichwa. Tukamweleza: weupe ule ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, na alikuwa ametoka kula chapati na mchuzi. LDL haionekani. Chembe zake ni ndogo mno, na mtu anaweza kuwa nayo juu sana na maji yake yakawa angavu kabisa. Msihukumu kwa macho, subirini karatasi ya majibu.

Kwa kipimo cha mafuta cha kwanza si lazima uje na njaa. Trigliseridi zikiwa juu ndipo tutakuomba urudi hujala. Anayefunga Ramadhani aje mchana kama kawaida, na kama ana wasiwasi kutolewa damu akiwa na saumu, aje baada ya futari.

Wengine huomba CRP, kipimo cha protini inayopanda kwenye damu mwilini kukiwa na uvimbe, wakisikia kwamba inapima uvimbe wa mishipa. Kuna ya kawaida, ya kutafutia maambukizi, na kuna ya usikivu mkubwa, ambayo kwa habari ya moyo chini ya 1 mg/L huhesabiwa hatari ndogo na zaidi ya 3 hatari kubwa. Zote mbili hupanda kwa jino bovu, mafua, kidonda cha mguu, hata malaria. Kwa hiyo ukiwa na homa hatukupimi ya moyo, utakuwa umetupa pesa. Pona kwanza, na ikitoka juu tunarudia baada ya wiki mbili. Na uje na dawa zako zote ndani ya mfuko, hata zile za kienyeji.