Salamu za shukrani: Mama amerudi Katuba

Wapendwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani,

Sisi watoto, wakwe na wajukuu tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru ninyi nyote mliosimama nasi tangu tulipotoa ombi la mchango wa matibabu ya mama yetu. Amefanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, Kinshasa, na sasa yuko nyumbani Lubumbashi, anakula bukari (ugali) na kutugombeza kama zamani.

Wamama wa sokoni mliompa zamu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, kabla haijafika, mlitutoa machozi. Wastaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, wenzake marehemu baba, tunajua hali yenu ilivyo, na bado mlitoa. Shirika letu la parokia, wanakwaya, ndugu wa Kigoma na Ubelgiji, madaktari na wauguzi, shemeji aliyetupokea Masina, Kinshasa, na kutulaza watu wote wale katika vyumba viwili: aksanti sana.

Yuko mmoja ambaye shukrani hizi hazitamkuta, marehemu Dikembe Mutombo, mchezaji wa mpira wa kikapu. Tungeona aibu kumaliza salamu bila kumtaja. Wengi wetu tulimjua kwa kile kidole tu alichokuwa akikitikisa baada ya kumzuilia mtu mpira. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye basketi ndiyo dini yake ya pili, alitusimulia mengine tulipokuwa tukingoja mama atoke chumba cha upasuaji.

Kumbe mwaka 1987 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown akamvuta uwanjani. Kijana wa mita 2.18 angejificha wapi? Mwaka 1989 alizuia mipira 12 katika mchezo mmoja dhidi ya chuo cha St. John's. Udaktari ukamponyoka, lakini darasa hakuliacha. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na mwaka huohuo timu ya Denver Nuggets ikamchagua akiwa wa nne kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Alicheza humo misimu 18, akawa mlinzi bora wa mwaka mara 4, na kwa mipira aliyozuia, 3,289, aliye mbele yake ni Hakeem Olajuwon peke yake.

Mama yake, Biamba Marie, alishikwa na kiharusi Kinshasa wakati watu wamekatazwa kutoka nje. Hakufikishwa hospitali. Mwanawe yuko Marekani na fedha zake zote, na hazikuweza kumvusha mama barabara. Mwingine angejenga kaburi la marumaru. Yeye alijenga hospitali ya vitanda 300 huko Masina, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Iligharimu dola milioni 29 hivi, na takriban nusu zilitoka mfukoni mwake.

Wapo wanaonung'unika kwamba hospitali hiyo si ya bure. Ni kweli, tulilipa, ndiyo maana tuliwapigia hodi. Lakini tulilipa ndani ya nchi yetu, bila kuhangaikia viza ya India wala Afrika Kusini, na daktari alimweleza mama ugonjwa wake bila mkalimani wa kulipwa. Kwa familia ya mwalimu na wachuuzi, hilo si dogo.

Dikembe alifariki Atlanta tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Kwa mjane na watoto wake tunatoa pole, hata kama imechelewa.

Misa ya shukrani itakuwa Jumapili hii saa tatu asubuhi katika parokia yetu, kisha chakula nyumbani. Mliotuma mchango kwa simu bila kuandika jina, tafadhali jitambulisheni kwa kaka yetu mkubwa. Mama anataka kumwombea kila mtu kwa jina lake, na amekataa katakata kuombea namba za simu.

Ni sisi, familia
Katuba, Lubumbashi