Salamu za Jamhuri kutoka Kaloleni, Kisumu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki popote mlipo,

Hamjambo nyote? Nawatakia heri ya sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba, 2025. Mnajua desturi ya nyumba yetu: mkubwa hutuma salamu kabla watu hawajaanza kusafiri. Mwaka jana aliyezituma alikuwa mama. Mwaka huu zamu ni yangu, na wote mliotufariji Aprili tulipomzika, Mola awalipe kheri.

Mwaka umekuwa mzito. Unga tunanunua kwa kupimiwa, wanaomudu omena wa kujaza gorogoro, lile kopo la kupimia, ni wachache, na karo ya Januari imeshaanza kubisha hodi. Oktoba nayo ikatuondolea Raila Odinga, waziri mkuu wetu wa zamani. Aliaga dunia tarehe 15 akiwa India, na kwa siku saba bendera zikawa nusu mlingoti. Nilikuwa uwanjani Mamboleo, hapa Kisumu, tarehe 18 tulipomuaga, katikati ya umati ulioshika matawi ya miti. Mbele yangu alisimama kijana aliyejifunga bendera mabegani. Ilikuwa imelowa jasho, na mistari yake myeupe ilikuwa imegeuka ya waridi.

Nililia pale, na wengi walidhani namlilia Baba, kama tulivyomwita Raila, peke yake.

Mliomjua mama mnajua kwa nini. Alishona bendera katika soko la Kibuye miaka mingi, na kila Novemba nyumba yetu ilijaa vipande vya rangi nne. Hakukata kitu kabla ya kuloweka kile kitambaa chekundu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kililala humo usiku kucha. Asubuhi alikikamua, akamwaga, akaloweka tena, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. "Nyekundu ina hasira," alituambia. "Usipoituliza mapema, mvua ya kwanza tu itaichafua nyeupe." Bendera za kuchapishwa zinazouzwa kando ya barabara hazina subira hiyo.

Na hiyo nyeupe, alipenda kutukumbusha, ndiyo iliyoingia mwisho. Wakoloni walikuwa na yao ya buluu, ya Kiingereza, yenye simba mwekundu. Chama cha KANU kikaja na nyeusi, nyekundu na kijani: watu, damu na ardhi. Lakini bendera ya chama haiwezi kufunika nyumba nzima. Ilipotengenezwa ya taifa, wakaongeza mistari miwili myembamba ya amani, na ngao na mikuki katikati. Ikapandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba, 1963. Novemba 1964 chama pinzani cha KADU kikajivunja, watu wake wakaingia KANU, na mwezi uliofuata tukawa Jamhuri, Jomo Kenyatta akiwa Rais na Jaramogi Oginga Odinga wa huku kwetu akiwa Makamu wake.

Mchoro ni uleule mpaka leo, na Katiba ya 2010 imeuweka vilevile. Ila sisi tuliokua zamani tuliijua bendera kuwa ya serikali: ya gwaride, ya ofisi ya chifu, ya gari la waziri. Juni 2024 vijana walioandamana wakaivaa wao. Wako waliotoka nyumbani wameifunga shingoni na hawakurudi. Jioni moja ya mwezi ule mama alikuwa kwenye cherehani, redio ikisoma habari zao. Mguu wake ukasimama. Akaangalia kitambaa kilichokuwa mkononi mwake, akasema, "Imechuja." Hakusema lingine usiku ule, wala hakuimaliza ile bendera.

Basi ndugu zangu, niruhusuni neno moja la mkubwa wa nyumba. Tusisubiri mvua. Mwenye kinyongo na jirani tangu uchaguzi uliopita, akakiloweke sasa, maana 2027 hiyo inakuja. Wazazi, kaeni na vijana wenu sikukuu hii, muwasikilize mpaka mwisho kabla ya kuwakemea. Vijana, msikubali kununuliwa kwa mia mbili mkampige mawe mtoto wa mama mwingine. Na ninyi viongozi mtakaosimama leo mbele ya bendera mkiwa mmeweka mkono kifuani, kumbukeni kuwa nyekundu ile ni damu ya watu waliokwisha kuitoa. Hakuna aliyewaruhusu kuiongeza. Mungu anaona, na mama waliofiwa wanaona.

Nawatakia sikukuu yenye baraka, Krismasi njema kwa ndugu zetu Wakristo, na mwaka mpya wa afya, riziki na maelewano. Wanaosafiri, Mungu awafikishe salama. Wagonjwa wapate nafuu, na marehemu wetu wapumzike kwa amani.

Cherehani ya mama nimeitia mafuta. Ile bendera ya Juni niliikuta kwenye sanduku lake, nyeusi na nyeupe ya kwanza zimeshashikana. Kitambaa chekundu kimo kwenye beseni tangu juzi. Leo asubuhi nimemwaga maji mara ya tatu, bado yana wekundu kidogo, nami nimeongeza chumvi.

Wasalaam,
Mtoto wa fundi, Kaloleni