Risala ya Klabu ya Sayansi ya Ardhi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, malaigwanani, wazazi, walimu na wahitimu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, hasa tukizingatia barabara yetu, ambayo leo hatutaizungumzia.

Klabu yetu ilianza na wanachama wachache na ndoo moja ya mchanga ya kuonyeshea mawimbi. Leo ina sismomita tatu, yaani vyombo vya kupimia mitetemo ya ardhi, imeshiriki maonyesho ya sayansi na kushika nafasi ya pili kati ya klabu mbili zilizofika. Ni mafanikio makubwa.

Mheshimiwa, tunaishi chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Mwaka 2007 ardhi ilitetemeka siku baada ya siku. Julai 17 likapita tetemeko la ukubwa wa 5.9, na Septemba mlima ukalipuka, majivu yakafunika malisho. Wengi waliamini kuwa Lengai ndio uliokuwa ukitikisika. Wataalamu walipotafuta chanzo, walikuta magma, yaani mwamba ulioyeyuka, imejipenyeza ardhini chini ya mlima jirani wa Gelai. Kujua tetemeko limetokea wapi si anasa ya darasani. Ndiko kunakomwambia mzazi ahamishe ng'ombe upande gani.

Kazi yenyewe iko hivi. Tetemeko hutoa mawimbi ya P yanayotangulia na ya S yanayofuata. Muda kati ya mawili hayo hutupa umbali hadi chanzo. Kwa vituo vitatu tunachora duara tatu, na zinapokutana ndipo penyewe. Hapo ndipo shida yetu ilipo, Mheshimiwa: vituo vyote vitatu viko upande wa mashariki wa mlima, karibu karibu, kwa sababu ndiko umeme ulikopatikana. Duara zetu hazikati, zinagusana tu kama watu wanaosalimiana shingo upande. Tetemeko la upande wa magharibi tunaweza kulikosea kwa kilometa kadhaa, na kina chake tunabahatisha. Kina ndicho kinachotuambia kama magma inapanda au imetulia! Na tukilinganisha muda wa wimbi la P kufika kila kituo, saa ya kituo kimoja ikikosea sekunde 1, ni kama kilometa 6 za kosa ndani ya mwamba.

Ombi letu ni moja. Tunaomba kituo cha nne upande wa magharibi: sismomita, betri, sola na saa ya GPS. Hatuombi basi wala ukumbi, wala fulana, ambazo tulishazipata.

Tunalitaja hili kwa heshima zote: mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi kituo hiki hapa hapa, kwa makofi. Mgeni wa mwaka jana akaahidi kufuatilia ahadi hiyo. Nasi hatukukaa bure. Wazazi walichimba shimo, wakalisakafia kwa saruji ili mtetemo wa upepo na mifugo usiingie kwenye kipimo, na tukalifunga kwa kufuli. Mpaka leo shimo hilo limehifadhi mende na chupa moja ya maji, iliyoachwa na mtaalamu aliyekuja kulikagua. Akalisifia, akapiga picha, akaondoka.

Mheshimiwa, tunajua ofisi yako ina mengi, na tunajua majibu ya "tunalishughulikia". Lakini wakati wa mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Kongo, Mei 2021, matetemeko yaliyofuatiliwa kwa vyombo yalionyesha magma ikielekea chini ya mji wa Goma na Ziwa Kivu, na wakazi wakaamriwa kuondoka. Kule vyombo vilikuwepo. Kwetu kuna shimo zuri.

Ufunguo wa kufuli la shimo hilo tumeufunga kwenye nakala yako ya risala hii, kwa uzi mwekundu, ili usipotee pamoja na makaratasi mengine.

Tunaomba kuwasilisha.