Tumbusi naye apewe dakika zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimtetee ndege asiye na mtetezi.

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na ukurasa mzima wa kuzisifia filamu za wanyamapori. Mimi ni mraibu wa filamu hizo, kwa hiyo niliusoma nikiitikia kila mstari. Nikafungua ukurasa unaofuata, nikakuta katuni: ndugu wa marehemu wamechorwa na shingo za tumbusi, wamelizunguka jeneza, udenda unawatoka. Nilicheka, sikatai. Baadaye nikajiuliza picha hiyo ya tumbusi tumeitoa wapi, maana wengi wetu hatujawahi kumwona kwa karibu. Nadhani tumeitoa kwenye filamu hizo hizo mlizozisifu.

Ebu zitazame vizuri. Simba hupewa robo saa nzima. Ananyemelea, anakosa, ananyemelea tena, muziki unapanda, na yule bwana msimulizi anashusha sauti kama mtu anayetoboa siri. Simba akishashiba, ndipo tumbusi wanatua. Ngoma zinageuka, zinakuwa za kichawi. Tunaonyeshwa kichwa kipara kikichomoka katikati ya mbavu, chekundu kwa damu, sekunde tatu au nne, kisha haraka kamera inakimbilia watoto wa simba wanaong'atana masikio. Hata ile sauti ya nyama kuraruliwa, mara nyingi hutengenezwa studio, kwa kuwa kamera ilikuwa mbali mno kuinasa. Kwa hiyo kuna mtu aliketi kwenye kiti, akaamua tumbusi asikike hivyo.

Mjukuu wangu wa miaka saba alipiga makofi fisi alipowatimua. "Wachafu hao, babu," akaniambia.

Wachafu! Kile kipara anachochekwa nacho ndicho kinachomwezesha kuingiza kichwa ndani ya mzoga bila damu kumgandia kwenye manyoya. Tumbo lake lina asidi kali kiasi kwamba hula nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, naye asidhurike. Kundi kubwa humaliza mzoga wa swala kabla mimi na mjukuu hatujamaliza filamu. Na kuruka je? Mwaka 1973 tumbusi mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Hakuna kilele cha mlima duniani kinachofika huko.

Kama watengenezaji wanatafuta kisa cha kusisimua, wasihangaike. India ilikuwa na mamilioni ya tumbusi. Kuanzia miaka ya 1990 wakawa wanaanguka mitini wakiwa wamekufa, na hakuna aliyejua sababu. Watu walishuku virusi. Mwaka 2004 wanasayansi waliokuwa wakichunguza vifo kama hivyo nchini Pakistan wakatangaza walichokibaini: ni diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wafugaji waliwapa ng'ombe. Ng'ombe akifa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi anayemla anaharibika figo. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo, lakini kufikia 2007 aina moja ya tumbusi nchini India ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mizoga ikabaki bila wa kuila, mbwa koko wakaongezeka, na kwenye mbwa koko wengi hatari ya kichaa cha mbwa haiko mbali. Hapo pana vifo, pana upelelezi, pana mshukiwa ambaye hakuna aliyemdhania. Simba gani ana hadithi kama hiyo?

Barani Afrika tumbusi anauawa kwa kusudi. Tumbusi wakizunguka angani, askari wa wanyamapori wanajua pa kuelekea. Majangili nao wanalijua hilo, ndiyo maana wengine hutia sumu kwenye mzoga wa tembo waliyemuua ili kengele hiyo isilie tena. Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi zaidi ya 500 walikutwa wamekufa kwa sumu ya namna hiyo, kwa mkupuo mmoja. Tangu 2015 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imeziorodhesha aina nne za tumbusi wa Afrika kuwa zimo hatarini kabisa kutoweka. Ndege huyu hutaga yai moja tu, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo mia tano hawarudi upesi.

Nitaambiwa filamu ni filamu tu. Sivyo. Filamu moja ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar, ilionyesha lemingi, vipanya wa nchi za baridi, wakijirusha kundi kwa kundi kutoka juu ya mwamba hadi majini. Ilikuja kufichuliwa mwaka 1982 kwamba walinunuliwa, wakapelekwa mahali ambapo hawaishi, wakasukumwa. Mpaka leo, mtaje lemingi uone kama hakuna atakayekuambia ni mnyama anayejiua. Kinachopita mbele ya kamera hukaa kichwani miaka mingi, na huruma yetu, na michango yetu pia, huandamana nacho.

Sisemi simba apunguziwe. Naye ana shida zake, na najua mpigapicha hulala mafichoni wiki nzima kwa ajili ya ile robo saa. Ninachoomba ni kwamba mwandishi wenu akiisifu filamu nyingine, aseme pia ni nani aliyepewa sekunde tatu. Na mchora katuni wenu awape warithi hao shingo zao wenyewe. Tumbusi hula aliyekwisha kufa. Wale wa kwenye katuni, kwa ninavyowajua, walianza mzee akiwa bado wodini.

Mjukuu ameniomba nirudishe nyuma kile kipande. Tumekisimamisha, tumehesabu vichwa kimoja kimoja kwa kidole kwenye kioo. Walikuwa kumi na mmoja, na mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi: alikwisha kushiba, akasogea pembeni, akakunjua mabawa juani. "Huyo anajianika," akasema mjukuu, akataka tuangalie tena.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi