Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: mafuta ya bangi na watoto wetu wenye kifafa

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, wauguzi mlioitika mwaliko, na ninyi vijana wetu mnaoishi na kifafa, nawasalimu nyote.

Hesabu atazisoma mhazini. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana na ziara za nyumbani hazikukatika, nawashukuru sana. Muda wangu uliobaki nautoa kwa swali lililonipigia simu kuliko yote mwaka huu: "Mwenyekiti, yale mafuta ya bangi yanasaidia kweli?"

Nianze na lililotuumiza. Mama mmoja kati yetu aliuziwa kichupa chenye herufi CBG, akaambiwa amwachishe mtoto fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ili mafuta yafanye kazi. Wiki haikuisha. Usiku kifafa kilimshika mtoto kikakataa kumwachia, mama akamkimbiza hospitali kwa bajaji. Mtoto ni mzima na leo yupo nasi. Mama ameniruhusu kulisimulia hili bila kumtaja, na naomba asilaumiwe na mtu. Aliyekesha miaka akimshika mwanawe asijigonge sakafuni hawezi kuambiwa kuna tumaini akalipa kisogo. Kosa liko kwa anayeuza tumaini asilolijua.

Sasa tujue kilichomo. Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za ukoo wa kanabinoidi. Inayolevya ni THC. Kanabidioli, yaani CBD, hailevyi, na ndiyo iliyothibitishwa kwa kifafa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachotokana na hitilafu ya jeni ambacho ni adimu. Kwa waliopewa kanabidioli juu ya dawa zao za kawaida, mishtuko ya kifafa kwa mwezi ilishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 hadi 5.9. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa walitoka 14.9 wakafika 14.1 tu. Mwaka uliofuata Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, Epidiolex, kwa Dravet na Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha utotoni. Sikieni tena: juu ya dawa zao, si badala yake. Na inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini linaumia, hasa kwa anayetumia valproati, dawa ambayo wengi wa watoto wetu wanaimeza kila siku. Bila vipimo vya damu si dawa ya kujaribia nyumbani.

Hizo herufi nyingine za kwenye vichupa ni habari tofauti kabisa. Asidi ya kanabijeroli, inayozaa hiyo CBG, ndiyo mzazi wa kanabinoidi nyingi: mmea huitengeneza kwanza, kisha huigeuza kuwa nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kwamba asidi hiyo inapunguza degedege la joto kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na Dravet. Nilifurahi niliposoma, mpaka nilipofika mbele: katika majaribio mengine ya panya, kemikali ileile ilichochea mishtuko. Inatuliza kifafa cha aina moja na kuchokoza cha aina nyingine. Anayeuza kwa simu hajui mtoto wako ana kifafa gani.

Kanabidivarini, nduguye CBD, ilifika hadi kwa watu: watu wazima 162 wenye mishtuko inayoanzia sehemu moja ya ubongo. Waliopewa dawa, mishtuko yao ilipungua kwa asilimia 41. Waliopewa kimiminika kitupu, asilimia 38. Hapa naomba tusimame kidogo. Hao wa asilimia 38 nao walikuwa na nafuu, lakini haikutoka kwenye dawa. Kifafa hupanda na kushuka chenyewe, na mara nyingi tunatafuta dawa mpya kikiwa kimepanda. Kikishuka, kichupa kinapewa sifa zisizo zake. Bila kundi la kulinganisha, hata mimi ningedanganyika.

Na kuna lililo jirani zaidi. Karayofilini, kemikali ya harufu iliyomo kwenye bangi, imo pia kwenye karafuu na pilipili manga. Mwaka 2008 ilionekana kwamba inashika kimojawapo cha vipokezi vya mwilini vinavyoshikwa na THC, bila kulevya, na ilipunguza uvimbe kwa panya. Nasema haya kwa hofu, kwa kuwa najua mtu atakwenda dukani. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto yanaweza kuharibu ini na kuleta degedege. Karafuu ibaki kwenye pilau.

Kuhusu sheria, kura ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020, 27 kwa 25, iliitoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote, lakini haikuigusa sheria yetu ya Tanzania ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Mzazi akikutwa na kichupa hicho anaweza kuishia mahakamani.

Msimamo wangu, ambao naomba mkutano uujadili, ni kwamba chama kiombe dawa ya kanabidioli iliyosajiliwa iwafikie watoto wenye kifafa sugu, chini ya daktari. Lakini kwanza tuidai fenobabitoni isikatike zahanati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa wengi wetu tiba hiyo ni kidonge cha bei ndogo ambacho tunakikosa.

Ile 12.4 na ile 5.9 zilitokana na wazazi waliohesabu siku kwa siku. Kwa hiyo kamati imenunua madaftari, moja kwa kila familia, ya kuandika tarehe, saa, mshtuko ulidumu dakika ngapi na dozi gani ilirukwa. Yako kwa katibu pale mlangoni. Njooni nayo kliniki ijayo, hata kama mmeandika kurasa mbili tu.