Gozi kavu inawachubua watoto wetu mara ya pili

Kwa Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuandika, lakini hii imenikaa rohoni. Mwezi wa pili mtoto wa dada yangu, ana miaka 4 tu, alivuta sufuria ya uji kwa jiko ikammwagikia mkono na kifua. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno ampake, nikamzuia, nikamweka mtoto kwa maji ya bomba dakika 20 nzima halafu tukapanda boda hadi hospitali.

Kufungwa kidonda haikuwa shida, shida ilikuwa kufunguliwa. Tuliporudi baada ya siku mbili gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, ilikuwa imekauka imeshikana na nyama, na muuguzi alikuwa peke yake na watu zaidi ya 30 kwa benchi, hakupata muda wa kuilowesha kwanza na maji ya chumvi, akaivuta tu. Niliona kwa macho yangu ile ngozi changa ya pinki ikitoka na nyuzi za gozi, vitone vya damu vikajitokeza kimoja kimoja kama jasho. Mtoto alilia hadi sauti ikaisha. Ziara ya tatu alianza kulia tukiwa bado kwa geti. Muuguzi simlaumu kabisa, alitumia kile alichopewa.

Ndio nikaanza kuulizauliza na kusoma, juu nilikataa kuamini ati hakuna njia ingine. Kumbe Japani kuna mwanasayansi anaitwa Yosuke Okamura, wa Chuo Kikuu cha Tokai, ambaye mwaka wa 2014 yeye na wenzake walionyesha utando mwembamba ajabu wa polima, kitu cha jamii ya plastiki, unene wake ni makumi ya nanomita tu, yaani unywele wako ni mnene kuushinda mara elfu moja hivi. Kwa sababu ya huo wembamba unajishikilia kwa ngozi bila gundi yoyote. Wao waliukatakata vipande vidogo ndani ya maji, ukimwagia kidonda vinapangana vikilaliana kama magamba ya ngege (tilapia), hata katikati ya vidole ambapo bandeji huwa haikai. Kwa panya walioungua, tabaka moja lilizuia bakteria siku 3, wakiongeza la pili siku 6. Najua hao ni panya si watoto, lakini hebu fikiria siku 6 bila mtu kuvuta kitu kwa kidonda cha mtoto!

Na hiyo polima inatokana na asidi ya laktiki, ile ile inayofanya maziwa lala yachachuke, na hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa. Sasa mtu wa Muhoroni au Chemelil, huko kwetu kwa miwa, asome hapo mara mbili. Huko Brazil nao madaktari wa Fortaleza wamefunika majeraha ya moto na ngozi ya tilapia iliyosafishwa vizuri, na sisi tuko kando ya ziwa. Maseno na vyuo vingine vya huku vina watu wa kemia, wapewe pesa wajaribu.

Wazee wetu husema acha kidonda kipate hewa, hata mamangu alisema hivyo. Lakini tangu 1962 mtafiti George Winter alionyesha huko Uingereza, kwa nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa na utando wa plastiki kikabaki na unyevu ngozi yake inarudi haraka karibu mara mbili kuliko kilichoachwa wazi kikauke. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, na bado tunawafunga watoto na gozi kavu.

Sisemi kaunti inunue vitu vya Japani kesho. Gozi yenye mafuta, ile haishiki kidonda, iko madukani ya dawa tayari, na dawa ya maumivu mtoto anaweza kupewa nusu saa kabla ya kufunguliwa, sisi hatukupewa hata mara moja. Mhariri, naomba mwandishi wenu wa afya aende aulize kaunti zetu huku, moja moja, kwa stoo kuna boksi ngapi za hiyo gozi ya mafuta, halafu mchapishe majibu.

Mama mdogo wa mtoto,
Nyalenda, Kisumu