Zuhura, mwambie Kaka Sudi mi sisaini

Zuhura mdogo wangu,

Mfikishie Mama shikamoo yangu, umsomee barua hii taratibu akishamaliza kuswali alasiri, na usisome mbele ya Kaka Sudi, yeye ntamwandikia ya kwake. Voisi zako zote tisa nimezisikiliza, ile ya mwisho nlisikiliza mara mbili ndani ya basi namba 12 nkitoka kazini alfajiri. Picha ya makaratasi nayo nimeiona, nimeikuza mpaka herufi zikawa ukungu. Siku nne sijajibu, si kwamba nimewadharau, nlikuwa na hasira nkaona nitaandika maneno ambayo Mama hastahili kuyasikia.

Sasa nimetulia. Jibu langu ni lile lile, huo mkataba wa Kaka Sudi wa kumpa mwekezaji nyumba ya baba ajenge ghorofa, sisaini. Na hizo milioni mbili za wakili sitoi, labda wakili awe wa Mama.

Kaka anasema dada yetu kakaa Ulaya miaka mingi hajui mji unakoelekea, Magomeni sa hivi kila kona ghorofa, sisi tu ndo tumebaki na banda la baba. Mi nisijue? Zuhura, hakuna kitu nnachokijua kama hicho. Unakumbuka zile picha nlizokuwa nawatumia zamani za lile jengo la maduka la Elephant and Castle hapa London, Mama akasema mbona Ulaya kwenyewe kama Kariakoo? Jengo la toka 1965, kuukuu, lifti inanuka, lakini nje kwa chini kule shimoni walikuwa wamejipanga wafanyabiashara kama pale mtaa wa Kongo Kariakoo, mwenye mabegi, mwenye simu, mwenye vitambaa, mwenye mawigi. Ndani ulikuwa unakuta Wacolombia na Waekwado na vijiduka vyao vya kushonea na kutuma hela kwao, na juu wazee wa Kizungu na Wajamaika wanacheza bingo mpaka usiku. Mi hela ya matibabu ya baba, Mungu amrehemu, zote nlizituma kwenye dirisha moja mle ndani. Siku ile aliyofariki nlikuwa nimesimama palepale na risiti mkononi ndo simu yako ikaingia.

Halipo tena. Walilifunga Septemba 2020 katikati ya korona, mwaka uliofuata wakalivunja lote, mi nlikuwa napita kila asubuhi naona ukuta mmoja umepungua. Sa hivi wanapandisha minara, na chuo, na stesheni mpya ya treni za chini.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndo sababu ya barua yote hii. Yule Mcolombia wangu, yule fundi aliyenipunguzia lile koti nlilovaa kwenye harusi yako, alikuwa na kibanda mle ndani miaka kumi na mbili. Walipoanza kuitisha mikutano ya wafanyabiashara wakaambiwa msiwe na wasiwasi, wote mtapatiwa nafasi. Wenye mikataba iliyoandikwa jina na namba ya duka wakafuatilia mpaka wengine wakapata sehemu kwenye vile vibanda vipya vya Castle Square, palepale walipoipeleka ile sanamu ya tembo mwekundu mwenye ngome mgongoni. Yeye alikuwa anapangishwa na mtu aliyepangishwa na mtu. Jina lake halikuwa popote. Miaka kumi na mbili, wateja wanamjua mpaka watoto wake, lakini kwenye karatasi hayupo! Alikuja kwangu akakaa jikoni akalia, nkamkaangia mayai, sikuwa na la kumwambia. Sa hivi anashona nyumbani kwake sebuleni, wateja wamebaki wale wenye namba yake ya simu.

Halafu nenda kwenye karatasi ya Kaka Sudi, ukurasa wa pili. Ghorofa nane, sawa. Familia itapata apatimenti mbili "na fremu ya biashara kwa makubaliano yatakayofikiwa baadaye." Baadaye lini? Na nani? Fremu ipi, ya mbele barabarani au ya nyuma kwenye choo? Mama atakaa wapi wakati wanajenga, kodi analipa nani, na ujenzi ukisimama miaka mitatu je? Hakuna hata mstari. Jina la Mama halimo, Zuhura, nimetafuta kurasa zote nne. Imeandikwa "warithi" tu.

Mkumbushe Kaka watu wa Magomeni Kota, zile nyumba za serikali hapo jirani kabisa, hakuna haja ya kwenda London. Kaya 644 wale, walitolewa wakahangaika na kupanga huku na huku, wengine wazee wakafa hawajaona, mpaka 2022 ndo nyumba zikazinduliwa. Lakini walirudi kwa sababu walikuwa wanajulikana kwa orodha, nyumba kwa nyumba, na hawakukaa kimya hata siku moja. Sisi orodha yetu iko wapi? Na mwambie usimamizi wa mirathi si umiliki. Mahakama ilimpa dhamana agawe, haikumpa nyumba.

Mi nlishaonja hii. Nlipofika 2006 nlikaa kwa Mama Nasra kwenye yale maghorofa marefu ya Heygate, ng'ambo ya barabara tu na hapo kwenye maduka, nyumba kama 1,200 zile, zilimalizika kujengwa 1974. Wakahamishwa wote, zikavunjwa zote. Mama Nasra aliambiwa atapewa nafasi ya kurudi. Yuko Sidcup, pembeni kabisa mwa London, mpaka leo, kumwona ni safari ya nusu siku, Idd iliyopita nimeshindwa kwenda. Palipokuwa jiko lake, pale tulipokuwa tunasonga ugali watu saba, sa hivi kuna mgahawa wa meza za nje na taa ndogondogo, kahawa moja karibu paundi 4.

Nisidanganye lakini, pamependeza. Wamepanda bustani nzuri katikati, ile miti mikubwa ya zamani baadhi wameiacha, kuna sehemu ya maji watoto wanarukaruka kiangazi mpaka raha. Ule mzunguko wa magari wa kutisha wameubadilisha, zamani kuvuka ilibidi uingie njia za chini kwa chini zenye giza, mi nlikuwa napita nimeshika funguo mkononi, leo unavuka juu kwenye taa kama mtu. Kuna mikahawa ya kila taifa, na Newington Causeway kuna soko la vyakula ndani ya jengo la zamani, watu wanajaa usiku mpaka pa kusimama hakuna. Sichukii maendeleo. Kaka asiseme nachukia maendeleo. Nachouliza ni nani anarudi ndani jengo likiisha.

Ngoja nikupe habari njema sasa, hii umsomee Mama kwa sauti. NIMEPATA MEZA! Si ya kuazima ya Jumamosi kwa Jumamosi kama zamani, leseni yangu mwenyewe, jina langu, namba yangu, East Street. Lile ndo soko hasa Zuhura, lipo toka 1880, Jumatatu tu ndo linafungwa, Wazungu wa zamani wa hapa wanaliita East Lane. Nauza vitumbua, maandazi, sambusa za nyama na za dengu, na Jumapili bajia. Na wale wakaguzi wa usafi wa chakula wamekuja wamenipa alama 5, ndo ya juu kabisa hakuna 6, nimeilaminisha nimeitundika mbele. Wanawake wa Kinaijeria wananiambia vyangu vitamu kuliko puff-puff, yale maandazi yao wenyewe, Jumamosi iliyopita nimeuza vitumbua zaidi ya mia tatu na saa nane mchana sinia tupu. Kuna bibi mmoja Mwingereza anakuja na kikapu chake cha magurudumu, anachukua vinne, anasema kaishi mtaa huu wa Walworth miaka themanini hajawahi kula kitu kama kile. Mwambie Mama hiyo ni mchele wake, kuroweka usiku kucha, iliki ya kutwanga si ya unga, na chuma cha kukaangia ni kilekile alichonipa uwanja wa ndege nimekificha kwenye begi la mkononi.

Na ndo maana hiyo fremu inaniuma. Watu wanaona baraza tu. Ile baraza ndo ilitusomesha, Mama na jiko lake la mkaa anakaanga vitumbua saa kumi na moja alfajiri, watu wa daladala wanapanga foleni, halafu mabasi ya mwendokasi yakaja 2016 mkasema biashara itakufa, haikufa, wateja wakazidi. Siku zingine hapa sokoni upepo ukigeuka nikasikia nazi inaungua kidogo kwenye chuma, nashtuka kama naitwa kwenda kuchota maji. Hasa Januari. Miguu inanisumbua kwa baridi, si kitu, nimenunua viatu vya manyoya.

Hapa Walworth Road kuna duka la mitishamba la toka 1844, lipo mpaka leo, mi nanunua sanamaki yangu na habasoda. Maduka ya pembeni yamegeuka mara tano mbele ya macho yangu, lile limebaki. Kila nikipita pale namuwaza Mama na fremu yake. Kaka haelewi, anaona mapenzi ya kijinga. Mi namwambia fremu ya chini barabarani, jina la Mama kwenye mkataba, mita zake zimeandikwa, na nyumba ya kukaa wakati wa ujenzi inalipwa na mwekezaji mpaka siku ya funguo. Hayo yakiwemo nasaini siku hiyohiyo, na nasema hivyo mbele ya Mungu. Yakikosekana hata moja, asinitumie tena.

Na yale aliyokwambia kwamba mi nazuia kwa sababu nataka nyumba peke yangu, Zuhura yameniumiza mno. Nani aliyeezeka upya 2014? Nani alilipa kodi ya kiwanja miaka yote ile yeye yuko Tunduma? Sikuwahi kuyasema na nisingeyasema kama asingeanza yeye. Baba Mdogo anajua, risiti anazo.

Nimetuma paundi 200 leo asubuhi. Dawa za presha za Mama za miezi miwili, umeme, na zinazobaki zirekebishe ile bati inayovuja chumbani kwake, fundi yule wa Mikumi, si yule wa mara ya mwisho. Wewe chukua elfu hamsini ya kwako, usikatae. Za wakili tutafutie mwanasheria ambaye hajui mtu yeyote kwenye familia, ukimpata nipe namba nitaongea naye mwenyewe.

Kabla ya Ijumaa nataka picha ya hati halisi, si kopi, mbele na nyuma. Kama Kaka anasema hati anayo mwekezaji, usigombane naye, nipigie saa ileile hata kama ni usiku.

Mtoto wa Mama Nasra anakuja huko mwezi ujao, atapita nyumbani. Kile chuma cha pili cha vitumbua, chenye mashimo saba, kama Mama hakitumii mpe aniletee, kifungeni kwa kanga kuukuu kisigongane. Na iliki, robo kilo.

Dada yako,
Halima